Tivii ya kichogo, kipande cha kioo na herufi tisa

Ombi lenyewe lilikuwa dogo. Kikundi cha vijana wa Kikwajuni, hapa Unguja, kilikuwa kimemaliza kupiga picha za mchezo wa kuigiza wa vipindi vifupi, na sasa kilitaka sekunde 25 za utangulizi. Mchezo unaitwa Ghorofani. Ni hadithi ya familia inayotoka nyumba ya makuti na kuhamia kwenye majumba marefu ya Michenzani, yale yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, pamoja na babu mchumaji karafuu kutoka Pemba ambaye hakubali kabisa kulala juu ya vichwa vya watu. Mwongozaji ni mwalimu mstaafu wa skuli. Kila mtu humwita Maalim, nami nitamwita hivyo hivyo. Sharti lake lilikuwa moja tu: utangulizi uonekane umetoka kwenye tivii ya miaka ya 1970.

Nilipoitwa mimi, toleo la kwanza lilikuwa tayari. Kijana anayehariri alifungua programu ya simu, akachagua mtindo wa "zamani", akapata rangi ya chai, michirizi inayopita wima, vumbi linalorukaruka na picha inayotetemeka. Maalim aliitazama mara moja.

"Hii sinema hii," akasema. "Mie nimesema tivii."

Kijana alinuna, lakini Maalim alikuwa amesema kweli. Michirizi na vumbi ni maradhi ya filamu, ule utepe unaopita kwenye meno ya mashine na kukwaruzwa kila unapoonyeshwa. Picha ya kamera ya televisheni ni mkondo wa umeme, haina kitu cha kukwaruza. Ina maradhi yake mengine. Na ile rangi ya chai ndiyo iliyoharibu zaidi, maana televisheni ya Zanzibar ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikiwa ya rangi, wakati Bara walingoja hadi 1994 ndipo wakapata kituo chao cha kwanza. Mtu wa umri wa Maalim hakumbuki tivii ya kahawia. Anakumbuka nyekundu inayovuja nje ya ukingo wa kanga, taa inayoacha mkia kamera ikigeuka, na pembe za picha zilizoviringana kwa kufuata umbo la kioo.

Nilipendekeza tuachane na programu na tuitumie televisheni yenyewe. Njia niliyokuwa nayo akilini ina umri mkubwa kuliko mimi. Mwaka 1963 BBC ya London ilikuwa inatayarisha Doctor Who, kipindi kilichoanza kuonyeshwa tarehe 23 Novemba mwaka huo. Fundi wa studio, Norman Taylor, alikuwa ameshagundua kwamba ukiielekeza kamera kwenye skrini inayoonyesha picha ya kamera hiyo hiyo, pana vitu vinazaliwa ambavyo hakuna aliyevichora: mawingu, mahandaki ya mwanga, ndimi zinazopanda na kufifia. Mbunifu Bernard Lodge akaichukua michezo hiyo ya mafundi akaijenga kuwa utangulizi. Muziki aliutunga Ron Grainer, na Delia Derbyshire akaujenga sauti kwa sauti kwa kukata na kuunga vipande vya mkanda. Kufikia 1973 Lodge mwenyewe alikuwa ameshahamia mbinu nyingine kabisa, lakini ile ya kwanza ndiyo iliyoshika macho ya watu.

Kinachofanyika ni kile kile kinachotokea kwenye maulidi pale msomaji anaposogeza maikrofoni karibu na spika: sauti inaingia, inatoka kubwa zaidi, inaingia tena, mpaka ukumbi mzima unaziba masikio. Hapa ni mwanga badala ya sauti. Kamera inaona skrini, inaipeleka picha kwenye skrini, inaiona tena. Kwa PAL, mfumo wa televisheni tunaoutumia huku, hutoka picha kamili 25 kwa sekunde, kila moja ikiwa nusu mbili, kwa hiyo mwanga unazunguka mara kadhaa kabla mtu hajapepesa jicho.

Ukiwa na hesabu hii kichwani, vitufe vyote vinaanza kueleweka. Tuseme kila mzunguko unarudisha sehemu 0.9 ya mwanga uliotangulia. Baada ya mizunguko 25 imebaki asilimia 7 hivi, na skrini inakufa nyeusi. Tuseme unarudisha 1.1. Baada ya mizunguko hiyo hiyo mwanga ungekuwa karibu mara 11, na skrini inajaa nyeupe ya kutia upofu. Kila kitu kizuri kinaishi kwenye uchochoro mwembamba katikati, na uchochoro huo unatafutwa kwa vidole: kontrasti ya tivii, mwangaza wa tivii, na tundu la lenzi ya kamera. Zumu inaamua kama picha inakimbilia ndani au inafurika nje. Ukiipinda kamera kwenye mhimili wake, handaki linakuwa kimbunga. Mwanafizikia James Crutchfield aliandika uchunguzi mzima juu ya mambo haya mwaka 1984, akiyachukulia kama kifaa cha bei nafuu cha kutazamia mifumo inayobadilika yenyewe. Mimi niliyaona kwanza nikijaribu kamera dukani, kabla ya kujua kwamba pana mtu yeyote anayeyaita elimu.

Vyombo vilipatikana bila tabu kubwa. Kamera ilitoka kwa jamaa mmoja wa video za harusi: kamera ndogo ya mkanda, ya PAL, yenye gurudumu la kuweka mwangaza kwa mkono. Hilo gurudumu ni la lazima. Simu au kamera inayojipangia mwangaza yenyewe itapigana na wewe, kila mwanga ukipanda inaupunguza, ukishuka inauongeza, na uchochoro ule hutaupata. Tivii ilikuwa ya kichogo, ile ya zamani yenye bomba la kioo na mgongo mrefu nyuma, inchi 14, yenye matundu ya waya za picha na sauti mbele. Tangu matangazo ya analojia yalipozimwa na ving'amuzi kuingia, tivii za kichogo zimekuwa zikienda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, lakini bado zimo kwenye vinyozi na kwenye vibanda vya mchezo wa kompyuta vya watoto. Hii ilikuwa ya kinyozi.

Pana aliyeuliza kwa nini tusitumie tivii bapa ya ofisini kwao, kubwa na safi. Tuliijaribu ili kumaliza maneno. Tivii bapa huichakata picha kabla ya kuionyesha, kwa hiyo inachelewa, na kila kitu kikawa kinaruka kwa hatua badala ya kutiririka. Vidoto vyake navyo vilipogongana na vidoto vya kamera vikazaa mistari ya chandarua juu ya picha nzima. Kichogo hakifikirii. Umeme unaingia, mwanga unatoka.

Tivii ya kinyozi ilikuja na kasoro: kwenye pembe ya chini kulia palikuwa na doa la zambarau, ukubwa wa kiganja. Fundi wa Mwanakwerekwe alilitazama akacheka. "Hii imeshika sumaku, bwana. Spika zilikuwa wapi? Hapo ubavuni, au sio?" Alikuwa tayari kulitoa kwa koili yake ya kuondolea sumaku. Nilimwomba aliache kwanza, nikataka tu apunguze kidogo nguvu ya skrini kwenye flaibaki, kile kifaa cha ndani kinachozalisha volti ya juu, kwa sababu nyeusi ya tivii ile haikuwa nyeusi, ilikuwa kijivu, na kijivu kikizunguka kinakuwa ukungu mweupe. Kazi hiyo simshauri mtu asiye fundi. Ndani ya tivii ya rangi ya kichogo pana volti zaidi ya 20,000, na bomba linaweza kushika chaji hata waya ukiwa umechomolewa ukutani.

Chumba kilikuwa cha mmoja wa vijana, ghorofa ya tatu, pazia limefungwa na blanketi juu ya pazia. Usiku wa kwanza ulikwisha kwa furaha, watu wakishangilia mahandaki. Mshika rimoti alikuwa akibonyeza "Tint" akitaka kubadili rangi, na hakuna kilichobadilika. Hakingebadilika: PAL, mfumo aliobuni Mjerumani Walter Bruch, unageuza mwelekeo wa rangi mstari hadi mstari ili makosa yajifute yenyewe, kwa hiyo kitufe hicho ni cha mfumo wa Kimarekani tu. Rangi zetu zilitoka kwingine. Kamera ikiwekwa kwenye alama ya taa ya ndani, inaiona skrini ya kichogo kuwa ya buluu, na buluu hiyo inaongezeka kila mzunguko. Ikiwekwa kwenye alama ya jua, buluu inapungua na ile zambarau ya sumaku inapata nafasi, inatoka kwenye pembe yake na kutambaa mpaka katikati. Doa ambalo fundi alitaka kulitoa likawa ndiyo rangi ya utangulizi.

Jambo jingine lilinichukua muda kulielewa. Picha ilikuwa inahema, inapanuka na kusinyaa bila mtu kugusa kitu. Nilishuku umeme, kisha nikashuku kiti cha kamera. Kumbe ni bomba lenyewe: mwanga ukizidi, volti ya juu inashuka kidogo, na picha kwenye kioo inavimba. Picha ikivimba, zumu ya mzunguko mzima imebadilika; mwanga unamwagika nje ya ukingo, skrini inafifia, volti inapanda, picha inasinyaa. Halafu yanaanza tena. Sidhani pana programu ambayo mtu angekumbuka kuitia kasoro kama hii.

Lakini haya yote yalikuwa mapambo. Kazi ilikuwa jina, na jina ndilo lililokwama.

Kijana wa kuhariri alifanya ambalo wengi wangefanya: akachukua handaki letu zuri, akaandika GHOROFANI kwa kompyuta, akaliweka juu. Lilielea. Handaki lilikuwa linaishi, jina lilikuwa limekaa mbele yake kama bango la duka, na jicho lilikuwa linaona vitu viwili visivyojuana. Tukajaribu kulififisha, kulipaka rangi, kulitia kivuli. Maalim alikuwa kimya tu, na Maalim akinyamaza ni jibu.

Nikasisitiza herufi ziwe chakula cha mzunguko, zisiwe kofia yake. Ukiingiza neno ndani, kila mzunguko unalinakili neno hilo likiwa dogo kidogo, limepinda kidogo, limebadilika rangi kidogo, na maumbo yote yanazaliwa na herufi zenyewe. Studio zenye uwezo hufanya hivyo kwa meza ya kuchanganyia picha, inayolazimisha kamera mbili kwenda hatua moja. Sisi hatukuwa na meza hiyo, na kamera mbili zisizofuatana ukiziunga kwa waya tu unapata picha inayopasuka na kupanda juu.

Jibu lilikuwa kioo cha dirisha. Tulikatiwa kipande Darajani, upana wa mikono miwili, tukakisimamisha mbele ya lenzi kwa pembe ya digrii 45. Kamera inaona tivii kupitia kioo; wakati huo huo inaona, kwa kuakisiwa, kile kilichopo ubavuni. Ubavuni tuliweka kitambaa cheusi cha buibui la zamani, na juu yake herufi tisa za kadi nyeupe zilizokatwa kwa wembe. Kwa kuwa kioo kinageuza, neno lilipangwa kinyume, INAFOROHG, kila herufi ikitazama nyuma. Msichana aliyezikata alizipanga moja moja huku akilitamka lile neno la ajabu kwa sauti, na mpaka leo wenzake wanamwita hivyo.

Usiku ule herufi zilipowashiwa taa, kila mtu aliyekuwa amekaa alisimama. Neno lilitoka katikati ya giza, likaanza kuacha nakala zake nyuma, nakala zikapinda, zikaungana, na ghafla hapakuwa na neno tena, palikuwa na kitu kinachofunguka. Kisha sote tukaona tatizo. O mbili na A moja, na kichwa cha R, vilikuwa vimezibwa. Mwanga wa herufi unapozunguka unasambaa kidogo kila mara, na matundu madogo ndiyo yanayojaa kwanza. Neno lilisomeka GH, halafu mabonge. Zikakatwa upya, nyembamba mno na matundu makubwa kuliko uzuri ungetaka. Kwenye kitambaa zilionekana dhaifu, kwenye skrini zikawa na unene wa haki.

Taa ya herufi nayo ilikuwa na lake. Balbu ya kawaida ilikuwa inashuka mwanga kila pampu ya maji ya jengo ilipowaka, na kupungua kidogo tu kulitosha kuua mzunguko. Watu wa Unguja waliopitia kiza kile cha kukatika umeme, Desemba 2009 hadi Machi 2010, hawaamini umeme hata ukiwa unawaka, kwa hiyo mama mwenye nyumba ndiye aliyetuletea tochi ya betri bila kuombwa, akasema, "Hebu washeni hiki, hakina tabia." Kikawa hakina tabia kweli.

Pembe ya kamera ilijadiliwa zaidi ya nilivyotarajia. Ukiipinda digrii 72 umbo linatoka na mikono mitano, kwa sababu 72 inaingia mara tano kwenye 360. Digrii 60 zinatoa mikono sita. Vijana walipenda sita, inajaza skrini. Maalim alitaka 90, mikono minne, na hakueleza sababu mpaka alipoulizwa mara ya pili. "Karafuu ina ncha ngapi kichwani?" Nne. Babu wa kwenye mchezo ni mchumaji. Ikapita.

Kunasa tulinasa kwenye mkanda ndani ya kamera ile ile, na nadhani huo ndio uamuzi uliotuepushia maumivu mengi. Kamera inatoa picha kwa waya huku inarekodi, kwa hiyo kilicho kwenye mkanda ni ile ile picha iliyo ndani ya mzunguko, bila kifaa cha tatu. Mwendo wa picha pia unabaki imara, kwa kuwa kamera ndiyo inayoupanga na tivii inafuata tu. Mkanda tulioupata ulikuwa na ukungu pembeni, ugonjwa wa visiwa hivi, tukauacha, tukatafuta mwingine. Wakati wa kuhamisha nilimzuia kijana wa kuhariri asiunganishe nusu za picha kuwa 25 kwa sekunde. Nilitaka kila nusu iwe picha yake, 50 kwa sekunde. Ule mtelezo wa tivii ya zamani, unaoitofautisha na sinema hata kwa mtu asiyejua chochote, umo humo. Ukiutoa, umerudi kwenye toleo la kwanza bila vumbi.

Sauti ni kisa kingine, nayo ilikuwa rahisi: mpiga kanuni mmoja wa taarabu, ile ala ya nyuzi nyingi, alipiga mnyumbuliko mfupi, ukapunguzwa kasi nusu.

Mgogoro wa mwisho ulikuwa wa majina ya waigizaji. Walitaka nao waingie kwenye kioo. Tulikata jina la mmoja kwa majaribio, herufi kumi na nne, na baada ya sekunde mbili lilikuwa wingu. Dada aliyeigiza mama wa familia alitazama, akasema kwa upole kwamba wazazi wake kule Wete, Pemba, hawatamtafuta mtoto wao ndani ya wingu. Sikuwa na hoja dhidi ya hilo. Majina yote yakaandikwa meupe, bapa, juu ya skrini nyeusi, baada ya umbo kufifia, kila moja likikaa muda wa kusomeka na mtu mwenye miwani.

Toleo lililowekwa hadharani lina dosari inayoniuma. Mitandao hubana video, na kubana huko hakupendi giza lenye chembe. Sehemu ya kwanza, kabla neno halijatokea, imekuwa vigae vigae kwenye simu. Tulifanya iliyowezekana: tukalainisha chembe kidogo na kuanza sekunde moja karibu zaidi na herufi. Kwenye kichogo cha kinyozi, kilichorudishwa na doa lake, mkanda wa asili bado unaonekana vizuri kuliko chochote tulichopakia.

Sasa wanataka msimu wa pili, familia ikirudi Pemba, na jina jipya. Wameniuliza kama wanaweza kutumia mkanda ule ule na kubadilisha neno kwenye kompyuta. Nimewaambia hapana: umbo lile lilitoka kwenye O, R na A za Ghorofani, na jina jingine litatoa jingine. Kadi ninazo, kioo wanacho wao. Kilichobaki ni kumwomba kinyozi.